Tulivyoipeleka Sikukuu Mtwapa

Mpendwa Baba Rukia,

Boti yako haipo tena Dar. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ungekuwa hai ungeniuliza habari za boti kabla ya habari zangu, nami ningenuna kidogo halafu ningekujibu. Sikukuu iko Mtwapa, ng'ambo ya mpaka, imefungwa kwenye gati la mbao pamoja na boti nyingine za watu wenye nafasi zao. Ilifika salama. Na sisi tulifika salama. Lakini tangu nirudi usingizi wangu si usingizi, na sina wa kumweleza hofu hii ila wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiniacha niiseme mpaka iishe.

Unakumbuka siku uliponipeleka kuiona? Ilikuwa Ijumaa, umetoka msikitini, ukaniambia nivae tutoke. Nikajua tunaenda kula pweza. Mara Kivukoni, mara tuko kwenye pantoni, mimi nimeikamata shati yako mgongoni kwa mikono miwili na watu wanatutazama. Kule Kigamboni, juu ya mchanga, ilikuwapo boti nyeupe imelalia ubavu, vioo vimepasuka, kunguru wamejenga ndani. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyerudi kwao akamwachia mlinzi aiuze. Ukawa unaipapasa ubavuni kama unavyopapasa jora la kitambaa kizuri. Ukanigeukia, meno yote nje: "Mama Rukia, msalimie mke mwenzio."

Mtaa mzima ulicheka. Muuza vitenge wa Kariakoo na boti ya starehe, wapi na wapi! Wenzako wa maduka ya jirani wakakuita Nahodha Kitenge, nawe ukaitika. Ukaibandika boti jina la mtaa wetu, Sikukuu, ili kila wakikutania wajitanie na wao. Kila Ijumaa mchana ukafunga duka, ukavuka na Rukia kwenda kuikarabati. Mlikuwa mnarudi nyumbani Mchafukoge mnanuka dizeli mpaka kwenye nywele, mnapanda ngazi za ghorofa mkibishana habari za injini, mimi nawangojea mlangoni na sabuni. Rukia alipoomba kwenda chuo cha ufundi badala ya kukaa nami dukani, sikushangaa. Niliogopa tu, kama kawaida yangu.

Mimi mwenyewe ulinipandisha mara moja. Nilikaa chini kabisa, sakafuni, macho nimeyafumba. Uliniambia, "Ukiogopa sema, tunageuza." Nikasema kabla hatujafika hata lango la bandari. Ukageuza, na hukucheka. Mpaka leo nakupendea hilo kuliko mambo mengi makubwa uliyonifanyia.

Basi ukaanguka dukani asubuhi ile, mkononi una mkasi, mteja anasubiri kukatiwa. Sitaki kuirudia. Nilipomaliza eda, Shomari alikuja nyumbani. Rafiki yako hajabadilika, bado anavua viatu ngazini na kuvibeba mkononi. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Shemeji, boti ikikaa inakufa. Kila nikipita naiona imezidi kushuka. Bora iende kwa mtu atakayeitumia."

Mtu mwenyewe alikwishampata: mzee mmoja wa Mtwapa anayewatembeza wageni baharini. Alitaka apelekewe boti mpaka kwenye gati lake. Shomari alisema yeye atashika usukani, na Rukia atakwenda kama fundi, kwa kuwa injini zile mbili mlizifungua na kuzifunga ninyi wawili, hakuna mwingine anayejua vituko vyake.

Nikamwambia, "Rukia haendi."

"Mama, sasa aende nani?" Rukia akauliza kutoka jikoni.

"Aende yeyote mwenye mama mwingine."

Rukia akaja akakaa karibu yangu, akanishika goti. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake hakuitengeneza ile boti ili ioze, na kwamba atakwenda, ila anataka aende nikiwa radhi. Nilimtazama. Ana paji lako la uso, na akishaamua jambo linakunjamana vilevile. Nikaona sina la kumzuia. Na kubaki ghorofani nikisubiri simu ningekufa kabla hawajavuka Zanzibar.

"Basi na mimi nakwenda," nikasema.

Rukia alicheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

Tuliondoka alfajiri, na siku ya kwanza sina la kulalamika zaidi ya kutapika. Tulilala Tanga. Uhamiaji wakatugongea mihuri, kijana wa pale akaniuliza, "Mama, unaenda matembezi?" Nikaipokea pasi yangu nikaondoka. Rukia akabadilisha machujio ya dizeli, akaniambia amebakiwa na moja la akiba na linatosha, kwani kutoka Tanga hadi Mombasa si mbali. Nilimwamini. Yeye mwenyewe alijiamini.

Kesho yake upepo wa kusi uliamka nasi. Baba Rukia, wewe ulikuwa unanisimulia mawimbi kama mtu anayesimulia harusi. Hukuwahi kuniambia kwamba yana rangi mbili, buluu yakiwa mbali, na meusi yakikufikia. Hukuwahi kuniambia boti ikishuka bondeni unaona ukuta wa maji nyuma yako uko juu ya kichwa. Nilikaa nimejifunga jaketi la kujiokolea mpaka shingoni, nimekumbatia mguu wa meza, ninasoma kila dua ninayoijua na nyingine nachanganya. Nilimwambia Shomari, "Turudi." Akasema, "Shemeji, hapa kurudi na kwenda ni sawa." Alisema kwa upole, lakini niliona hakunigeukia. Macho yake yalikuwa mbele, na mikono yake imekaza usukani.

Tulipofika usawa wa mpaka, injini moja ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Rukia alikuwa ameshashuka chini kabla sijaelewa ni sauti gani iliyopungua. Dizeli ya zamani ilikuwa imeacha tope chini ya tangi, na ingawa alilisafisha kadiri alivyoweza, yale mawimbi yalikuwa yamelikoroga lote. Kidogo tu, injini ya pili nayo ikazima.

Ule ukimya sitausahau. Upepo ulikuwepo, maji yalikuwepo, vikombe vilikuwa vinagongana kabatini, lakini kwangu ilikuwa kimya. Boti ikageuka ubavu, ikaanza kubiringishwa na mawimbi. Na upande wa nchi kavu, mahali ambapo mwanzoni niliona mstari mweupe tu, sasa niliona maji yanapasuka na kuruka juu. Miamba. Upepo ulikuwa unatusukuma kule.

Shomari aliita kwenye redio, akajibiwa na mtu aliyekuwa mbali. Akaenda mbele kuandaa nanga, akaishusha, haikugusa chini. Akapiga kelele, "Rukia! Nipe moja tu! Injini moja!"

Na Rukia akaita, "Mama! Njoo unishikie tochi!"

Unajua mimi hata ghalani dukani siingii bila mtu wa kusimama mlangoni. Nilishuka kwa matako, ngazi moja baada ya nyingine. Kule chini kulikuwa na joto la tanuri, na harufu ile ya nywele zenu za Ijumaa, lakini mara mia. Rukia alikuwa amepiga magoti katikati ya injini mbili, mikono myeusi, uso umemvimba kwa kutapika.

"Shika tochi vizuri, Mama."

"Nimeshika."

"Unatetemeka."

"Natetemeka nimeshika."

Alifungua chujio lililoziba, likatoka na uji mweusi. Akafunga lile la akiba. Kisha akaanza kupiga pampu ndogo ya mkono kuitoa hewa, anapiga, anafungua skrubu, yanatoka mapovu, anafunga, anapiga tena. Boti ikatupa upande mmoja, akajigonga bega kwenye chuma, akaendelea. Kutapika kukamjia tena. Nikaibana tochi kwa meno, nikamshika paji la uso kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo na homa. Hapo ndipo niliposikia mwili wake. Baba Rukia, na yeye alikuwa anatetemeka. Alikuwa anaogopa kama mimi. Muda wote ule nilidhani amechukua moyo wako, kumbe amechukua na wangu, anafanya nao kazi hivyohivyo.

Nikatamani umuone. Nikatamani zaidi uwe wewe mle ndani na sisi tuko nyumbani. Nakwambia ukweli, nilikukasirikia. Nilisema kwa sauti, tochi mdomoni, maneno ambayo mke hapaswi kumwambia marehemu. Rukia akasema, "Nini?" Nikamwambia endelea.

Mapovu yakaisha. Akaita juu, "Washa!"

Haikuwaka.

"Tena!"

Ikaguguma, ikatoa moshi, ikakamata. Nilisikia Shomari akipiga takbira huko juu. Boti ikatikisika, ikageuza kichwa polepole mno, mimi na mwanao tumekaa sakafuni tumekumbatiana, mafuta kila mahali, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulia. Nilipopanda juu, ile miamba ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona mwani unaning'inia kwenye meno yake maji yakishuka. Tuliiacha nyuma kwa injini moja, mwendo wa mtu mgonjwa.

Mombasa tuliingia jua likianza kulegea, tukagongewa mihuri, tukanunua machujio. Kesho yake tukaingia mkono wa bahari wa Mtwapa. Kule maji yametulia kama ya beseni. Mnunuzi, mzee mwenye kofia ya kitani, alikuwa amesimama gatini akapokea kamba mwenyewe. "Mumefika salama? Karibuni, hapa ni kwenu." Nilishuka, nikakaa juu ya mbao mbele za watu. Hakuna aliyecheka. Mzee aliniagizia madafu.

Rukia alimzungusha kila pembe ya boti. Alimwonyesha lile tangi, akamwambia lazima lifunguliwe lote na lioshwe kabla haijapakia mtu. Hakumficha kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwomba abaki, awe fundi wa boti zake zote. Rukia alinijia pale nilipokaa, akachuchumaa.

"Mama, useme wewe."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa na haki nalo, baada ya yale tuliyoyaona jana yake. Nikatazama mikono yake, kucha zina mafuta ambayo hata sabuni yangu haijawahi kuyatoa, nikakumbuka ilivyokuwa inatetemeka na kazi ikafanyika. Nikamwambia, "Utakuwa unakula wapi?"

Akaangua kilio. Mimi nilikuwa nimeuliza chakula tu.

Mimi na Shomari tulirudi na basi. Kila lilipopita daraja nilifumba macho.

Sasa niko dukani kwako. Nimeuza vizuri wiki hii, vijana wa mikokoteni bado wanaegesha mlangoni na bado nawafukuza kama ulivyokuwa ukiwafukuza. Nyumbani nimeanza kupika kipimo cha mtu mmoja, nakosea, nawapelekea majirani. Hofu niliyokuwa nayo zamani ulikuwa ukinipokea nusu yake, hata pale ulipokuwa wewe ndiye unayeisababisha. Siku hizi yote ni yangu. Nikisikia upepo unapiga mabati ya jengo la nyuma najiuliza Mtwapa kunavuma kiasi gani. Nimekuwa mtu wa kutazama hali ya hewa ya Kenya.

Jana Rukia alipiga simu. Sauti yake nyepesi, amenenepa, anasema. Tangi limeoshwa, injini zote mbili zinapokezana kama ngoma. Kisha akasema, "Mama, kesho tunawapeleka wageni Lamu kwa Sikukuu. Nimeona nikuage."

Dukani palikuwa na wanawake wawili wanabishana rangi ya kitenge. Nikageukia ukutani. Nilizitafuta dua zote nikaona zimekimbia. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Nakutakia safari njema."

"Hujaniambia nisiende."

"Sikukwambia."

"Unaogopa?"

"Sana," nikasema. "Nenda."

Amekwenda, Baba Rukia. Saa hizi yuko majini. Mteja ameniuliza bei ya hili jora mara mbili na sijamjibu, amekaa kwenye kiti chako ananisubiri. Mwombee mwanao huko uliko, nami namwombea hapa. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Mkeo anayekukumbuka,
Mama Rukia