Riwaya ya Dinesh Mnadani

Neema mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Meru imejifunika mawingu, baridi kali. Mwenyeji wangu Dinesh, mwandishi wa riwaya kutoka India, ameishi Usa River miaka mingi bila jirani hata mmoja kumsoma. Jana alitoa sadaka riwaya yake ya kwanza ya Kiswahili. Huku sadaka za vitu hunadiwa nje baada ya ibada, basi kitabu kikafuata mkungu wa ndizi. Hakuna aliyetaja bei. Dinesh akazunguka kanisa kama kuku anayetaka kutaga.

“Hiki hakiozi, jamani!” mzee wa kanisa akabembeleza.

Mama mmoja akakinunua, akamgeukia Dinesh. “Kisiponoga, babu, nakuja kwako na fimbo!”

Tangu hapo Dinesh hali, anachungulia geti. Nakukumbatia, namsaidia kuchungulia.

Baba yako mkubwa