Mfamasia Nyuma ya Kioo

Nordvik, Dakota Kaskazini
14 Oktoba 2001

Binti yangu Torunn,

Neema ya Mungu ikae nawe huko Fargo. Sisi hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Nyonga imemlaza mama yako tangu baridi ilipoanza, ila ulimi wake haujalala hata siku moja. Nawe u hali gani? Unakula vizuri?

Nakuandikia jambo zito. Mzee Halvard Moen, mfamasia wetu, amelivua koti lake jeupe. Macho hayamsaidii tena. Duka la dawa limefungwa. Sheria ya jimbo letu unaijua kuliko mimi: duka la dawa sharti limilikiwe na mfamasia, na pasipo mfamasia ndani yake mlango haufunguliwi. Sheria hiyo ilizuia makampuni makubwa yasitumeze, nami niliishukuru. Sasa imetufungia nje. Dawa ya mama yako, ile ya kuzuia damu isigande, naifuata mji wa tatu kutoka hapa, na theluji ikianguka barabara haipitiki.

Kanisani watu hawaniulizi kitu. Wananisalimu, kisha wanangoja. Rudi nyumbani, mwanangu, ulichukue duka.

Akuombeaye,
Baba yako


Fargo, 2 Novemba 2001

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula. Mwambie mama nyonga isimzuie kunigombeza.

Baba, siwezi kurudi. Nordvik haiwezi kumlisha mfamasia. Mzee Moen mwenyewe alilishwa na ngano ya mkewe. Lakini nisikilize kabla hujakasirika. Bodi ya famasia ya jimbo inafikiria kanuni mpya. Mwenye duka ninayemfanyia kazi hapa, mfamasia kama mimi, atafungua tawi huko. Arlys, aliyekuwa msaidizi wa mzee Moen, atapanga dawa. Mimi nitakuwa hapa Fargo, mbele ya kioo cha kompyuta, nikitazama kwa kamera cheti cha daktari, chupa na vidonge. Hakuna kitakachotoka bila idhini yangu.

Jana tulifanya jaribio. Kidonge kilikuwa mji mwingine kabisa, nami nikasoma herufi zilizochongwa mgongoni mwake. Nywele zilinisimama, Baba.

Mwezi ujao bodi itasikiliza maoni ya wananchi. Mchungaji mstaafu wa Nordvik atasikilizwa. Njoo ututetee.

Mwanao,
Torunn


Nordvik, 20 Novemba 2001

Binti yangu,

Amani iwe kwako. Tumepata theluji ya kwanza, na mama yako anakushukuru kwa soksi.

Nitakuja, lakini nitakuja kupinga, na si haki ulijue jambo hilo mbele ya watu kabla hujalisikia kwangu. Nimewabatiza watu wa mji huu kwa mkono huu, na kwa mkono huu nimewatupia udongo wa kwanza kaburini. Sijapata kumtunza mtu nisiyesimama karibu naye. Anayempa mgonjwa dawa hushika uhai wake, na awepo.

Mama yako amenicheka mpaka akashika mbavu. "Aslak," ameniambia, "miaka yote umetuhubiria Mungu tusiyemwona, leo unamkataa mfamasia unayemwona?"

Nitakuja hivyo hivyo.

Baba yako


Fargo, 12 Desemba 2001

Baba,

Natumai ulifika salama, na kwamba mama anaendelea vizuri.

Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma yako uliposema, "Binti yangu ana akili nyingi, ila ameamua kutupenda kwa mbali." Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Huko nje, kwenye ngazi, ulinipa mkono kama unavyompa mgeni.

Kanuni imepitishwa. Tawi litafunguliwa Februari. Kuna sharti moja ambalo bodi haikulegeza: mtu asiondoke na dawa kabla hajazungumza na mfamasia kwenye kioo, katika chumba kidogo cha faragha. Mama hawezi kutoka, kwa hiyo atakayekuja ni wewe. Iwapo dhamiri yako inakukataza, mtume jirani.

Torunn


Nordvik, 17 Machi 2002

Torunn, mwanangu,

Neema na amani. Mama yako yu hai, na ameniamuru nianze kwa neno hilo.

Sikukuandikia majira yote ya baridi, wala wewe hukuniandikia. Duka lilipofunguliwa, nilimtuma jirani yetu Palmer Lunde. Alirudi akiwa ameishika kofia mkononi.

"Kulikuwaje?" nikamuuliza.

"Niliivua kofia, Mchungaji. Sikujua kama inatakiwa."

"Mlisema nini?"

"Binti yako aliniuliza kama nalala usiku. Nikamwambia silali tangu mke wangu Inga afe." Alitazama viatu vyake. "Wewe hukuwahi kuniuliza."

Bi Thelma Rud alikwenda na gauni lake la Krismasi, akabandika kifuani pini ya fedha ya mama yake. Arlys akamwambia, "Bibi, ni dawa ya presha tu!" Naye akamjibu, "Nyamaza wewe, naonekana Fargo."

Alhamisi iliyopita Palmer alikuwa na mafua, nikaenda mwenyewe. Niliketi katika kile chumba, nawe ukatokea. Uso wako haukubadilika.

"Tafadhali taja jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa."

Mimi niliyekupa jina mbele ya kisima cha ubatizo nikataja langu.

"Mgonjwa anaendeleaje, Mchungaji Brekke?"

"Hajambo." Ndivyo tunavyosema sisi, hata nyumba ikiungua.

Ulinitazama tu, na macho yako yakanivuta maneno. Nikasema mkono wake umevilia damu, nikadhani ameugonga kitandani. Nikasema daktari wa mji wa pili alipita nyumbani wiki iliyopita, akampa vidonge vya kifua. Hapo uso wako ukabadilika.

"Baba, usimpe kidonge cha leo. Umenisikia? Fizi zake zinatoka damu?"

"Sijui."

"Nenda ukamtazame sasa hivi. Mimi nampigia daktari."

Zilikuwa zinatoka. Gari la wagonjwa lilimchukua kabla ya giza. Daktari alisema dawa zile mbili zilikuwa zikisaidiana kumwaga damu yake ndani kwa ndani, na kwamba angechelewa kidogo tu tungemzika. Leo ameketi kitandani, anakula lefse, mkate wetu wa viazi, na kulalamika kwamba siagi haitoshi.

Nimeishi na mwanamke huyo chumba kimoja, nikausugua mkono wake kwa mafuta, na sikuona. Wewe uliona kutoka Fargo. Nimesoma vitabu vitakatifu tangu ujana, nikafundisha maana ya kuangaliwa na jicho lisilolala. Mwanangu, nilifundisha nisichokijua. Nimekijua katika chumba kisicho na nafasi ya kunyoosha miguu, mbele ya kioo.

Nimeiandikia bodi kwamba nilikosea, na kwamba wanaweza kuisoma barua yangu ukumbini kwa sauti, kama nilivyosema langu kwa sauti. Palmer amepona, lakini nimemwambia apumzike.

Barua hii itakawia njiani kwa sababu ya theluji. Kabla haijafika, Alhamisi nitakuwa nimekuja mbele yako.

Baba yako