Koti la Mtu wa Falsafa

Mtani wangu Shomari,

Shikamoo sikupi, maana marahaba huitikii tena, nami si mtu wa kusalimia bure. Jua tu kwamba koti lako la Ulaya ninalo mimi. Nililivaa siku ya kuondoa matanga yako, mikono ikanifika vidoleni, na bado nilikupita kwa kupendeza.

Siku hiyo ilianza vibaya. Mzee Kombo, jirani yenu, alikaa jamvini akasema umesoma Ulaya shahada juu ya shahada, kisha homa imekuchukua huna sindano ya kumchoma mgonjwa wala joho la kumtetea mtu kortini. Hiyo falsafa, akauliza, inaliwa? Mama yako alikuwa nyuma ya pazia. Naye, shangazi yangu yule aliyekutangaza mpaka Mapinga, akajifunika uso kwa kanga.

Basi nikainuka. Mtani msibani ana haki ya kumwiga marehemu, na nani akujue kuliko binamu yako, niliyeishia darasa la nne na akili ingali mpya? Nikapinda shingo kama wewe, nikavua miwani nisiyokuwa nayo. Mpishi akasema pilau imeiva. Nikamtupia neno lako lile la kila siku: umejuaje? Watu wakaanza kucheka. Nikamgeukia Mzee Kombo.

"Umejuaje, mzee wangu, kwamba elimu isiyo na sindano si elimu?"

Mzee Kombo akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Na nyuma ya pazia, Shomari... mama yako. Analia, anacheka.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwanangu huyo."

Sasa neno lako limeenea mji mzima. Juzi jumbe alikuja kuwaambia wanawake wa sokoni kuwa wameamriwa kuhama. Shangazi, kanga begani, akamwuliza umejuaje. Jumbe akasema ngoja aende bomani akahakikishe. Mpaka leo hajarudi.

Vitabu vyako vya Kijerumani navianika mimi juani visiliwe na wadudu. Sielewi hata jalada. Babu yetu Kijerumani alikijua cha kuamrishwa tu. Wewe ulikisoma ukawauliza Wajerumani wenyewe, mmejuaje? Nikikumbuka hilo natembea kifua mbele, koti likiburuzika chini.

Nimeanza darasa la jioni. Usicheke. Nakuahidi nitavisoma vyote, na nikikuta ulipokosea nitakuja makaburini kukuuliza umejuaje.

Lala, mtani wangu, Mungu akupe nuru. Koti silitoi mpaka linienee.

Ni mimi,
Pazi