Jumatano Tatu za Fundi Wetu wa Nguo

Ni mwaka mzima sasa, mwanangu, tangu tukuzike, na hasira yangu bado mbichi.

Wateja wako wanakuulizia hadi leo. Ulikuwa ukishona, pini umezibana midomoni, unacheka nazo hivyo hivyo, nami roho juu usije ukazimeza. Mtoto wa shule akipita shati halina kifungo, unamwita: "Njoo hapa wewe, kitovu kinapigwa baridi!" Unamshonea palepale, bure.

Ulipojifungua wa nne, mkunga alisema wazi: kizazi kimechoka, mimba nyingine itakuua. Ukaamua kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, mumeo akakubali. Zahanati yetu huitoa Jumatano tu.

Jumatano ya kwanza muuguzi alikwambia, "Rudi ukiwa kwenye siku zako, nijue huna mimba."

Ukamjibu, "Dada yangu, siku zangu hazijui Jumatano." Foleni nzima ikacheka. Ukarudi kwa miguu, saa mbili za njia, mtoto mgongoni.

Ya pili, siku zako zilikuwa zimeisha Jumatatu. Akakurudisha tena. Vipimo vya mimba vilikuwa kwenye droo yake, hakuvigusa. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, nikanyamaza kwa adabu. Adabu ile naijutia.

Ya tatu ulifika siku zako zimekuja, unang'aa kama aliyefaulu mtihani. Muuguzi kaenda semina, ufunguo wa kabati kaondoka nao. Dawa tuliziona kwa macho, nyuma ya kioo. Mlinzi akasema, "Kina mama, vumilieni, njooni Jumatano ijayo." Jumatano ijayo siku zingekuwa zimeisha, na wimbo ungekuwa uleule.

Kabla siku nyingine hazijafika, mimba ikaingia. Ulijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Watu wakanifariji kwamba ni kazi ya Mungu. Mungu hakuondoka na ufunguo.

Juzi mdogo wako naye karudishwa, kwa maneno yaleyale. Jumatano hii tunakwenda naye, mimi, mumeo na jirani zako wote wenye miguu. Tutakaa mlangoni mpaka ahudumiwe.

Tunaokukumbuka: mimi mama yako, ambaye wanao sasa wananiita mama, mumeo, mdogo wako, watoto wako wanne, na huyu wa tano, kipenzi chetu, aliyejifunza kutembea bila kukuona.

Siku zote tutakukumbuka, tena kwa sauti.