Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Nizar,

Usizime kompyuta! Inatoa video ya ile katuni yangu, na studio wanaitaka leo saa tisa. Mboga ya mlukhia iko jikoni, ipashe kwa moto mdogo.

Asubuhi nimemfokea mama yako. Programu ya kuchorea ilikataa kutoa video mara nne, ikifika katikati inakata. Nikasema ni kile kitambaa chake cha kufuma anachoifunikia kompyuta, eti kinaikosesha hewa. Akakikunja, akaenda zake kwa dada yako. Kahawa aliyonichemshia imepoa hapa mezani.

Kumbe diski imejaa, na niliyeijaza ni mimi! Kila ikigoma inaacha nyuma picha zote ilizokwisha kutoa, mia tisa kwa mkupuo, nami nabonyeza tena kama mwehu. Nimezifuta, sasa inakwenda.

~~Ukirudi pitia kwa dada yako, umlete mama. Mwambie nimekosa.~~

Hapana. Mdomo uliomfukuza ni wangu, naenda mwenyewe sasa hivi. Video ikigoma tena, igome. Kompyuta haijawahi kuamka alfajiri kunichemshia kahawa.

Tukiingia, usicheke.

Mkaza mwana mwenye mdomo,
Rim