Kikopo cha Dawa Ulichonitumia

Mikelenge, Kindu

Kwako Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Mwamini. Mnaendeleaje huko Tunda? Watoto wako hawajambo? Na Mama je, kifua kimepata nafuu? Umeniandikia nisije kumwona, eti hataki kufa akimtazama aliyemuua Baba. Maneno hayo nimeyasoma mara tatu. Mimi nipo, bado nabeba vitunga vya mihogo kutoka mashambani hadi sokoni, kamba kwenye paji la uso, ndiyo maana shingo imeharibika.

Kikopo cha dawa ya kupaka kimefika. Asante, ila usitume tena. Mama mwenye nyumba alinichua kwa nguvu zake zote. Kwanza baridi, kisha moto, shingo ikalegea kweli kweli. Harufu iliponiingia puani nikatapika miguuni pake.

"We Mwamini, unatapikia dawa? Ile inachoma njo ile inaponesha!"

Akanisonya, akajipaka mwenyewe kiunoni, akasinzia palepale kwenye mkeka. Wabebaji wenzangu nao wananusa kifuniko tu wanasema maumivu yamepungua. Nawaonea wivu.

Yaya, wakati wa vita, tulipojificha kwenye matete karibu na njia, magoti ya Baba yalikuwa yamevimba kwa kutembea. Ulimhurumia, ukampaka kikopo kizima, kwa kuwa kwetu dawa isiyochoma si dawa. Baba akashusha pumzi, akasema, "Aksanti mwanangu, sasa nitatembea." Mimi nililala upande wa njia. Niliwasikia askari kabla yenu. Walikuwa wameshatupita, Yaya! Mmoja akasimama akasema, "Kuko harufu ya dawa. Batu beko hapa karibu."

Nilikohoa Baba akiwa ameshakamatwa. Wewe ukawaambia watu wote kwamba kikohozi changu ndicho kilichomuua. Nilikuona unavyolia, nikakuhurumia, nikanyamaza. Nimenyamaza hadi mvi zimenitoka, huku Mama akinipa kisogo kila sikukuu. Ningenyamaza hadi kaburini. Lakini umeninyima mama yangu anayekufa, kisha ukanitumia dawa ileile, eti kwa huruma. Una roho mbaya, au umesahau? Sijui lipi linaniuma zaidi.

Nisalimie shemeji, mume wako, mtu mpole asiyejua lolote. Nisalimie shangazi anayeuza samaki, na wanao wote.

Mama usimpe salamu zangu. Barua hii sikuifunga. Nimeipitisha kwa mwalimu wa madrasa jirani yenu, nikamwomba amsomee Mama kwanza, neno kwa neno, ndipo akukabidhi wewe. Ukiwa umeishika mkononi, ujue ameshasikia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwamini