Mabati Watarudi Mwakani, Makame

Makame, sahibu yangu,

Nakuandikia upesi upesi, maana hapa Lewisham, London, bila mie hakwendeki. Chuo kizima kinanisubiri. Wengine wananiita bawabu, lakini weye unajua: mwenye funguo ndiye mwenye chuo. Juzi mkuu wa chuo mwenyewe kanyeshewa mlangoni mpaka nilipofika, na bado akanambia asante. Waziri Mkuu wa nchi hii sidhani kama anashukuriwa asubuhi vile.

Mungu akupanulie huko uliko. Siye tumo tu. Magoti yananiuma, ngazi za chuo zimeongezeka, au mie ndo nimepungua. Nafungua milango, nafunga milango, narudi nyumbani naitazama simu. Jumamosi jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Ule ulikuwa wakati wako wa kunipigia na kunitukana.

Siku ya maziko yako nadhani niliharibu. Watu wanafuta machozi, mie nikasimama pale kaburini nikasema kwa sauti, "Bora umewahi kuondoka, maana mechi ijayo mngekula tano." Sasa si mtani huyo? Mtani akinyamaza msibani, marehemu ataona kasusiwa. Lakini vijana waliozaliwa huku hawayajui hayo, wakanitazama kama mtu aliyepotea akaingia maziko ya watu. Binti yako Zuwena peke yake ndiye aliyecheka. Alicheka huku analia, mpaka akashikwa na kwikwi.

Haya, habari za Mabati.

Nakumbuka siku nilipowapa jina hilo. Ulikuwa umeanza kazi ya upishi kule chuoni Wembley, nikaja kukutazama, nikaona ukumbi wenu umeezekwa bati kama banda. Weye ukasema chuo chetu nacho ni matofali matupu, hakina hata mti. Tokea hapo, Mabati na Matofali. Hakuna kati yetu aliyekaa darasani mle hata siku moja, weye jikoni, mie mlangoni, lakini timu za wale watoto tulizipigania kama tumezizaa. Tulikuwa tumeacha vingi Unguja baada ya mapinduzi. Lazima mtu awe na kitu cha kugombania.

Ulipoondoka, mambo yenu yalizidi kuoza. Mwalimu wao wa michezo akatangaza kwamba wakifungwa na siye tena, timu inavunjwa na uwanja unageuzwa wa kuegesha magari. Watu wakawa wanaulizana: Mabati watarudi kuwa Mabati wale? Wakaja kuniuliza mie, maana kwa mpira hapa mie ndiyo mahakama. Nikawaambia hawarudi. Golikipa anafanya kazi ghalani usiku, anakuja uwanjani anapiga miayo. Beki wenu mzuri, yule Mkenya, analea wazee Croydon, akipangiwa zamu ndo basi tena. Washambuliaji kila mmoja anataka kupiga penalti, na penalti yenyewe haipatikani.

Nilisema hivyo nikajiona bingwa. Kisha nikarudi nyumbani, sahani nikaifunika bila kula. Mabati wakivunjwa, mie nitamtania nani? Matofali bila Mabati ni vijana wanaokimbia kwenye baridi tu.

Na ile kanga je? Kati yetu, anayefungwa anaivaa juu ya suruali, kutoka uwanjani mpaka kwake, ndani ya basi na treni. Maneno yake: NIMEKUJA, UTANIFANYA NINI. Bibi mmoja wa Kizungu alikuuliza yanasema nini, ukamwambia, "Karibuni Lewisham." Miaka yote ya mwisho ulivaa weye tu. Mwaka mmoja ukaja na mkoba wa kike umeutundika mkononi, ukatembea kwa madaha mpaka kituoni, ukaninyang'anya kicheko changu. Na kila ukiivua ulisema neno lile lile: "Mwakani, Haji. Mwakani utavaa weye."

Hata hospitali ulilisema. Mlikuwa mmefungwa tatu, nikakuletea kanga nikakutandikia miguuni. Muuguzi akauliza kama unasikia baridi. Ukamwambia kwa Kiingereza chako cha jikoni kwamba unasikia aibu. Kisha ukanigeukia: "Mwakani."

Sasa kaa vizuri. Jumamosi mmeshinda.

Bao moja. Usiulize zuri au baya. Kona ilipigwa, beki wetu akarukia hewa, mpira ukamgonga Mkenya wenu begani ukaingia. Bega, Makame! Bao langu la skuli, lile lililopasua wavu likaua kuku wa mwalimu mkuu, lilikuwa bao. (Najua utanijibu: "Kuku alikuwa mgonjwa, Haji.") Yule golikipa wenu mwenye usingizi alidaka kila kitu dakika za mwisho, nadhani kwa kuogopa kuamshwa. Kipenga kilipolia walilala chini wote kama wamepigwa risasi, na mwalimu wao akawaambia timu itabaki mwaka mmoja zaidi. Mmoja tu. Kurudi kule mlikokuwa, hapana, mie bado sijaona. Lakini hamjafa. Samahani, sahibu, nimeteleza. Timu haijafa.

Zuwena alikuwepo. Alisimama pale pale pako, karibu na kibendera cha kona, na koti lako. Akanijia polepole, akatoa kanga mkobani, imepigwa pasi. Huyu ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, siku hiyo akanambia Kiswahili kitupu: "Ami Haji, mwakani imefika."

Nikaipokea. Nikamwambia nina kikao na mkuu wa chuo, haifai kuingia kikaoni na kanga. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikapanda treni peke yangu na suruali yangu kama mshindi. Safari ile ilikuwa ndefu.

Pumzika, Makame. Nakuahidi mbele ya Zuwena, ambaye nitamsomea barua hii: deni la kanga ntalilipa. Mechi ijayo, tushinde tusishinde, naivaa kutoka Wembley mpaka mlangoni kwangu, na mkoba naazima.

Kikao hakikuwepo. Kabla ya treni nilijifungia kwenye choo cha uwanjani nikaijaribu. Weye ulikuwa mwembamba, ukaizungusha mpaka ikabaki. Mie ncha na ncha zinaonana kwa mbali, hazishikani. Hata sasa ninavyoandika nimeivaa, nimeibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, na kila nikipumua kinaruka.

Mtani wako,
Haji